Vifaranga Arobaini na Mmoja, Umri Mmoja

Yai limelia. Saa tisa za usiku, Isongole imelala, baridi ya Julai imekaza hadi mbwa wamenyamaza, na mimi nimepiga magoti sakafuni, sikio juu ya kifuniko cha plastiki, nasikia yai linalia! Na si moja. Manne, matano, kisha trei zima: pyi, pyi, pyi, sauti ndogo za ndani kwa ndani, na hakuna ganda hata moja lililopasuka bado. Kifaranga ametoboa kifuko cha hewa kilicho upande mnene wa yai, amevuta pumzi yake ya kwanza, na pumzi hiyo hiyo ameitumia kuita. Nimefuga kuku tangu utotoni. Nimeona koo wengi wakitoka na vifaranga wao. Lakini koo huikalia siri hiyo, na ukisogeza mkono anakudonoa. Usiku huu siri yote iko mbele yangu, chini ya kifuniko kinachoona, taa nyekundu ikisoma 37.8, na sijui nimkimbilie nani nimwamshe.

Nimemwamsha bibi.

Hii ndiyo habari ya mzunguko wangu wa kwanza na mashine ya kutotoleshea vifaranga, ile ya plastiki ya njano yenye nafasi ya mayai 56. Ninaiandika vumbi la maganda likiwa bado kwenye vidole, na ninasema mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho aondoke nalo: ukiwa na jogoo mwenye nguvu, mitetea kumi hivi, na umeme wa Luku ndani ya nyumba, tafuta mashine hii. Itafute mwezi huu.

Imekuja kutoka Tunduma ndani ya Noah, imepakatwa na abiria kama mtoto mchanga, ikapita Mpemba na kushika barabara ya kuja huku mpakani. Lami ile ya kilomita hamsini na kidogo naitaja kwa makusudi, kwa sababu mtu wa kuku huiona tofauti na mtu wa mahindi. Gunia la mahindi halijali mashimo. Yai la mbegu linajali. Likitikiswa sana, kifuko cha hewa hulegea na kutembea ndani ya ganda, na yai lililosafiri linahitaji kutulia, ncha ikiangalia chini, kwa saa kumi na mbili hadi ishirini na nne kabla ya kuingia mashineni. Zamani ya vumbi na makorongo, kuagiza mayai ya mbegu kutoka mji mwingine hadi Ileje kulikuwa ni kuyatuma yakafie njiani. Leo trei linafika likiwa limetulia.

Nimefungua boksi mezani na nyumba nzima imekusanyika. Chini kuna beseni lenye mifereji miwili ya maji. Juu yake trei lenye vigawanyio, ambalo mota ndogo inalisukuma polepole kila baada ya saa mbili ili mayai yabiringike. Kwenye kifuniko kuna feni, mviringo wa waya wa joto, sensa nyembamba kama mkia wa panya, na kidhibiti chenye namba nyekundu. Ndiyo hivyo tu! Nilitegemea kitu kigumu. Unaweka maji, unachomeka, unasubiri namba zipande, na zikifika 37.8 waya unazima wenyewe, zikishuka unawaka. Nimekaa mbele yake nusu saa nzima nikitazama namba zikipanda na kushuka kwa sehemu ya kumi ya nyuzi, kama mtu anayeangalia mpira.

Lakini namba hizo usiziamini siku ya kwanza. Huu ndio ushauri mmoja ambao ningeupiga msumari kwenye kila boksi. Chukua kipimajoto cha hospitali, kile cha betri cha kupimia homa, ukiweke usawa wa mayai, karibu na sensa. Kimetengenezwa kusoma joto la mwili wa binadamu, na joto la kutotolesha limo humo humo ndani ya eneo lake. Kwangu mashine ilisema 37.8, kipimajoto kikasema 37.2. Nusu nyuzi na kidogo! Kwa sisi ni kitu kidogo, kwa kiinitete ni kuchelewa siku nzima na kuzaliwa na kitovu kibichi. Nimeingia kwenye mipangilio, nimesahihisha, nimeiacha mashine itembee tupu siku mbili mpaka vyote viwili vikasema neno moja. Ndipo nikaweka mayai.

Bibi alipoona kipimajoto cha homa kinapimia mayai alichukua yai moja, akaliweka shavuni, akafumba macho. "Hili lina joto la koo," akasema, akalirudisha. Nilisisimka, kwa sababu huko Misri watotoleshaji wa zamani walifanya karibu vile vile. Walijenga majiko makubwa ya matofali ya udongo, wakayapasha kwa moto wa samadi na makapi, wakaingia ndani na kugeuza maelfu ya mayai kwa mkono, na joto wakalipima kwa kugusisha yai kwenye kope la jicho. Aristotle aliandika kuhusu mayai ya Misri yanayoanguliwa bila kuku zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mfaransa Réaumur alizichunguza habari za majiko hayo na mwaka 1749 akatoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu wa Ulaya. Mwaka 1881 Mwingereza Charles Hearson akapata njia ya kulidhibiti joto lenyewe: kidonge chembamba cha metali chenye kimiminika ndani, ambacho kikipata joto kinavimba na kuinua mkono unaopunguza joto linaloingia kutoka kwenye taa. Kazi ya kope la Mmisri na ya shavu la bibi yangu, kimekuja kuifanya kidonge, na sasa kinaifanya kisensa ninachoweza kukificha kwenye kiganja. Mlolongo wote huo umeishia juu ya meza yangu Isongole!

Sasa, mayai. Hapa ndipo nilipogundua kwamba Isongole ina bahati ambayo hatujawahi kujisifu nayo.

Yai la kutotolesha linataka kusubiri mahali penye ubaridi, nyuzi 13 hadi 18 hivi, wakati unakusanya wenzake. Likikaa kwenye joto la nyuzi ishirini na kitu, kiinitete huanza kuamka kidogo, hakipati joto la kutosha kuendelea, kinadhoofika. Mfugaji wa Dar es Salaam anahangaika na jambo hili mwaka mzima. Chumba chake hakipoi. Sisi huku, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita elfu moja, mwezi wa sita na wa saba, chumba cha kusini kisicho na jua ni ghala la mayai lililojengwa na Mungu. Baridi ile ile inayotufanya tulale na mablanketi mawili, baridi ile ile inayoua vifaranga wa koo alfajiri, inatunza mayai ya mbegu kuliko friji. Nimekusanya kwa siku saba, siku saba tu kwa sababu kila siku inayozidi hapo inakula uwezo wa yai kuanguliwa. Nimechagua yaliyo safi kwa asili, sijaosha hata moja, maana kuosha huondoa utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya kwenye vinyweleo vya ganda. Yenye ufa, yenye umbo la ajabu, makubwa kupita kiasi: yote jikoni. Mengi yametoka kwa mitetea wangu wa kienyeji, mmoja wao kishingo, mwenye shingo tupu, ambaye hutaga kama analipwa, na mengine kwa jirani ambaye jogoo wake tunamheshimu mtaa mzima.

Hamsini na sita. Jumamosi jioni. Nimefunga kifuniko na mikono inatetemeka.

Siku sita za kwanza hakuna cha kuona, na hizo ndizo ngumu. Mashine inanguruma kama nyuki wa mbali. Kila saa mbili mota inaamka, inasukuma, inanyamaza. Nataka nikae hapa kidogo kwenye hili la kugeuza, kwa sababu nilipolielewa ndipo nilipoipenda mashine. Kiinitete huelea juu ya kiini. Yai likikaa upande mmoja siku nzima, kiinitete huja kugusana na utando wa ndani na kunata pale, na hakifi leo. Kinafia mbele, siku ya kumi na nane, ukidhani kila kitu kilikwenda vizuri. Koo analijua hilo pasipo kufundishwa. Hugeuza mayai yake kwa mdomo mara nyingi kwa siku, usiku pia, na ya pembeni huyaingiza katikati. Ukitumia mashine isiyogeuza, unalazimika kugeuza kwa mkono mara tatu au tano kwa siku, hesabu isiyogawanyika kwa mbili, ili usiku mrefu usilikute yai upande ule ule kila siku. Nani ataamka? Nani hatakwenda shamba? Nani hatakwenda msibani? Mota hii ndogo haiendi msibani. Ikiwa utanunua mashine na ukalazimika kuacha kitu kimoja kwa sababu ya bei, acha taa, acha kengele, usiache kugeuza.

Halafu siku ya saba ikafika. Siku ya kuchungulia.

Nimekata tundu kwenye boksi la viatu, dogo kuliko yai. Tochi ya simu ndani. Chumba giza totoro. Bibi upande mmoja, watoto wa jirani upande wa pili, wote tumeacha kupumua. Nimeweka yai la kwanza juu ya tundu na yai likawaka kama taa ya kandili, rangi ya chungwa, na katikati yake, aisee, katikati yake kuna doa jeusi, na kutoka kwenye doa inatawanyika mishipa myekundu, myembamba, kama buibui aliyetanda miguu. Na doa linacheza! Linatikisika! Mtoto mmoja amepiga kelele. Bibi amenishika mkono. Miaka yote hiyo amewekea koo mayai, na hakuwahi kuona damu ikitembea ndani ya yai zima. Amesema polepole, "Kumbe mapema hivi." Tumeyapitia yote hamsini na sita, na kila buibui tumempigia makofi.

Saba hayakuwa na kitu. Yamewaka meupe mwanzo hadi mwisho, hayakupata mbegu. Nimeyatoa mara moja, kwa kuwa yai lisilo na uhai kwenye joto lile huwa viza, na viza likipasuka ndani ya mashine linaharibu wenzake kwa uvundo na vijidudu. Siku ya kumi na nne nimechungulia tena na kutoa matatu yenye pete ya damu, alama ya kiinitete kilichokufa mwanzoni. Arobaini na sita yamebaki, yamejaa giza, na juu ya giza kifuko cha hewa kinachokua kila nikitazama. Ganda la kahawia iliyokolea linasumbua macho. Ukiwa na chaguo, anza na mayai ya rangi hafifu ili ujifunze unachokiona.

Kati ya siku hizo mbili umeme ulikatika. Siku ya kumi na mbili, saa saba usiku. Kengele ya mashine imelia na nimeruka kitandani. Nimeifunika blanketi, nikaacha matundu ya hewa wazi, nikakimbia kwa jirani mwenye betri ya sola. Mashine ina sehemu ya kuunganisha betri ya volti 12, na hesabu yake ni hii: ikivuta wati 80 zake zote inakula ampea kama saba, kwa hiyo betri ya ampea-saa 50 iliyojaa inaibeba saa saba hivi hata waya wa joto usipozima kabisa, na huwa unazima. Tulipomaliza kufunga nyaya joto lilikuwa limeshuka hadi 31. Nilikaa hadi asubuhi nikiwa na hakika nimeyaua. Hapana! Yai linavumilia kupoa kuliko watu wanavyodhani. Koo mwenyewe huyaacha kila siku akala, akanywa, akajigaragaza kwenye vumbi, akarudi. Kinachoua upesi ni joto kupanda. Saa chache kwenye nyuzi 40 na kitu na kazi yako imekwisha. Kwa hiyo mashine isikae dirishani penye jua, hata Julai. Weka chumba cha ndani, ambako joto la mchana na la usiku hayatofautiani sana. Na betri, ipange kabla ya kuihitaji.

Unyevu nitausema kwa ufupi kwa kuwa kuna njia moja inayopita vipimo vyote: mizani. Yai linapaswa kupoteza kama asilimia 12 au 13 ya uzito wake hadi siku ya kumi na nane, maji yakitoka kwenye vinyweleo na hewa ikichukua nafasi. Yai la kienyeji la gramu 45 lishuke hadi 39 au 40. Nimepima trei zima kwenye mizani ya dukani kila wiki. Kwa hewa yetu kavu ya kiangazi, mfereji mmoja wa maji umetosha, na unyevu umekaa kati ya asilimia 45 na 55. Nadhani masika utahitaji maji pungufu. Uzito usiposhuka, nafasi ya hewa inakuwa ndogo na kifaranga anazama kwenye maji yake mwenyewe.

Siku ya kumi na nane nimetoa vigawanyio, nimezima mota, nimetandika kipande cha gunia safi chini (plastiki tupu inateleza na kifaranga mchanga hupanuka miguu akawa kilema), nimejaza mifereji yote miwili, unyevu ukapanda hadi 68, nimefunga. Na hapa ndipo sheria kali inapoanza: usifungue. Usifungue! Hata ukiona mmoja amelowa, anahema, anayumba. Ukifungua, hewa yenye unyevu inatoka kwa mkupuo, utando wa ndani wa mayai yaliyokwisha toboka unakauka na kumbana kifaranga kama nguo iliyorudi, na anafia mlangoni. Aliyekwisha toka hana haraka ya chakula. Kabla ya kuanguliwa amevuta mabaki yote ya kiini tumboni mwake na anaweza kuishi nayo siku mbili.

Baada ya kilio kile cha saa tisa, mpasuko wa kwanza umeonekana saa kumi na moja alfajiri. Kinyota kidogo kwenye ganda. Kisha kimya. Saa nyingi za kimya, na sasa najua kwa nini: kifaranga anapumzika huku damu inarudi kutoka kwenye mishipa ya ganda kuingia mwilini mwake, na ukimsaidia wakati huo unamtoa damu. Saa saba mchana ameanza kuzunguka, anakata ganda kwa jino dogo lililo juu ya mdomo, pande zote kama mtu anayefungua kopo, kisha amesukuma kwa mabega, na kofia ya yai imeruka. Amelala. Amelowa, ana sura ya mzee. Ameinua kichwa na kulipigia kelele yai la jirani, na yai la jirani limejibu!

Jioni walikuwa kumi na tisa. Usiku wa manane thelathini na mbili. Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili nimehesabu mara tatu kwa sababu hawatulii: arobaini na mmoja. Weusi, wa njano, wenye mistari ya kahawia kama panya wa msituni, na sita wenye shingo tupu kabisa, watoto wa kishingo wangu. Arobaini na mmoja kati ya mayai arobaini na tisa yaliyokuwa na mbegu, mzunguko wa kwanza, mkono wa mgeni. Nimefurahi kiasi kwamba nimekwenda sokoni bila sababu, ili tu nimwambie mtu.

Na sasa niseme kwa nini hasa furaha hii si ya wingi peke yake.

Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kumi na mbili hadi kumi na tano, anaatamia wiki tatu, kisha analea miezi miwili au zaidi kabla ya kutaga tena. Anazunguka hivyo mara tatu hivi kwa mwaka. Koo wanne wakiatamia kwa nyakati zao, uani una vifaranga wa wiki moja, wa wiki tano, wa miezi mitatu, wote wamechanganyika, na hapo ndipo kideri, yaani mdondo, kinapotushinda. Chupa ya chanjo imefungashwa kwa dozi nyingi. Ikishachanganywa haingoji wiki ijayo. Mwenye vifaranga tisa anaona atamwaga chupa nzima kwa ajili ya tisa, anaahirisha, anasubiri wengine waanguliwe, na mdondo haumsubiri. Tunalijua wote. Kuna asubuhi unafungua banda na hakuna anayesimama.

Arobaini na mmoja wa siku moja wanachanjwa siku moja. Tone moja kwenye jicho la kila mmoja, chanjo ile inayostahimili joto ambayo inafika hata vijijini kusikokuwa na friji, na mitetea wa uani na kuku wa jirani wanachanjwa siku hiyo hiyo kwa chupa hiyo hiyo, na tarehe ya kurudia baada ya miezi mitatu ni moja tu, imeandikwa ukutani. Chakula chao ni kimoja. Watakua pamoja na watafika sokoni pamoja, na mnunuzi anayetoka Tunduma hatalazimika kuzunguka nyumba kumi kutafuta kuku wa kimo kimoja. Koo ni mama bora kuliko mashine yoyote, ila hajui kuzaa arobaini siku moja. Mashine inajua hilo tu, na hilo tu ndilo tulilokuwa tumelikosa.

Bibi ndiye aliyemalizia. Wiki tatu nzima alikuwa na koo wawili wanaoatamia kwenye vikapu, kila mmoja juu ya mayai matatu ya kudanganyishia, na nilidhani amesahau. Usiku wa siku ya ishirini na mbili, taa zimezimwa, amesema, "Lete watoto." Amewaingiza mmoja mmoja chini ya mbawa, akitoa mayai yale kwa mkono mwingine. Kumi na watano kwa koo wa kwanza. Kumi na watano kwa wa pili. Lazima iwe usiku, na lazima koo awe amekaa muda wa kutosha kuamini, vinginevyo atawadonoa. Asubuhi nimekuta koo wawili wametoka uani wamejaa sifa, wakiita kwa ile sauti ya koo, na watoto thelathini wanawafuata kwenye umande wa Julai, wakirudi chini ya mbawa kila baridi inapowabana. Joto la bure! Kumi na mmoja waliobaki wamo kwenye boksi lenye balbu, pembeni ya jiko.

Kuhusu kasoro, zipo na ninazitaja kwa upendo. Vigawanyio vimepimwa kwa mayai makubwa ya kisasa, ya kienyeji yanacheza humo na baadhi hayageuki sawasawa. Nimejazia kwa vipande vya boksi. Tundu la kuongezea maji ni dogo, tafuta bomba la sindano. Kifuniko kinatoa jasho siku za mwisho, saa ile unayotaka kuona zaidi. Karatasi ya maelekezo haisomeki. Plagi yake haiingii kwenye soketi zetu za pini tatu, nunua adapta siku hiyo hiyo.

Bei yake ilikaribia mbuzi wawili wazuri. Umeme umekula uniti moja kwa siku au pungufu, ishirini hivi kwa mzunguko, na kwa nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo haifiki shilingi elfu tatu. Sina zaidi la kusema hapo.

Nimeosha mashine kwa maji na klorini, nimeianika, imekauka. Jana jioni jirani yangu mmoja amebisha hodi akiwa na sufuria iliyofunikwa kitenge. Ndani kuna mayai ya kanga ishirini na manne, madogo, magumu, yenye ncha kali. Kanga wake hutaga vichakani na hawaatamii kwa utulivu. "Yataingia?" ameuliza. Yataingia! Ya kanga yanataka siku 26 hadi 28, ya kuku 21. Jumamosi hii naweka ya kanga. Jumamosi inayofuata naongeza ya kuku thelathini na mawili kujaza nafasi zilizobaki, na wote nitawafungia kifuniko siku moja. Bibi ameshaanza kutafuta koo wa tatu.